Sura ya Sita: Kiti cha Mbele

"Hebu anza tena," alisema Sajini Verna Larvie wa polisi wa kabila. "Ulikuwa umesimama wapi?"

Profesa Garrick Thornquist aliweka kikombe cha kahawa mezani na kushusha pumzi. Alikuwa mtu wa kuonekana kwenye runinga, leo yuko msituni na sokwe, wiki ijayo yuko kwenye barafu na dubu, na watu wa namna hiyo hawapendi kuulizwa jambo mara mbili. Kwa majira matatu ya kiangazi alikuwa amepiga kambi hapa Mako Sica, nchi ya makorongo makavu, kwenye ardhi ya Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, akichimba mifupa ya wanyama waliokufa kabla binadamu hajaonekana duniani. Baraza la kabila lilimpa ruhusa kwa sharti moja. Achimbe, apime, apige picha zake, lakini kila mfupa ubaki kwa wenyewe.

Wiki iliyopita alipata fuvu zima la farasi wa radi, ndivyo wazee wanavyomwita yule mnyama mkubwa jamaa ya kifaru. Fuvu lilivikwa magunia na plasta lisivunjike, likawa tayari kwenda kwenye ghala la Baraza. Jana jioni lilitoweka. Leo asubuhi Orville Mousseau, aliyewekwa na Baraza kuwa mlinzi na dereva wa kambi, alikuwa amefungwa pingu.

"Nilikuwa pale, mlangoni mwa hema la vifaa," alisema Profesa. "Jua lilikuwa linazama. Pikapu nyekundu ya Orville ikaja kwa njia ya korongo, ikasimama hapa tulipo. Akafunga mnyororo wa winchi ya kambi, akauvuta mzigo mpaka juu ya gari, akaondoka. Nilidhani Baraza limemtuma."

"Alikuwa peke yake?"

"La. Alikuwa na yule bibi, mama mkwe wake. Si ilikuwa siku yake ya kusafishwa figo? Orville mwenyewe aliniambia asubuhi kwamba jioni atakwenda kumchukua hospitalini. Nadhani alipitia hapa wakiwa njiani kurudi."

"Bibi alikuwa amekaa wapi?"

"Kiti cha mbele, kando yake. Walikuwa wawili tu, wanapiga soga na kucheka. Nilimwona hata akimpa bibi kahawa." Profesa alitikisa kichwa kwa huzuni iliyopangwa vizuri. "Imeniuma, Sajini. Mimi nawajua watu wenu. Mlinipa jina la Kilakota mbele ya kabila zima. Orville ni ndugu yangu."

Verna aliinamia meza.

"Rudia hapo pa kahawa," alisema.

"Alimimina kwenye kifuniko cha chupa, akampa bibi mkononi. Wakacheka. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Unasimulia vizuri."

Upepo wa magharibi ukavuma, na harufu ya choo ikapita juu ya meza nzima. Profesa akafunika kikombe chake kwa kiganja. Verna aligeuka. Kihema cha choo, cha buluu, kilikuwa juu kidogo ya jiko, upande ule ule upepo unakotoka. Mmoja wa wasaidizi wawili wa Profesa, mwanamke mrefu aitwaye Maren, alikuwa akipangusa sahani na hakuinua uso. Verna akakunja pua, akavaa kofia, akaenda kumtafuta ofisa wa serikali kuu.

Kesi za makosa makubwa kwenye ardhi ya kabila ni za serikali kuu. Ndivyo inavyosema sheria iliyoandikwa na watu ambao hawakumuuliza Mlakota hata mmoja. Kwa hiyo Ofisa Hensley alikuwa ametoka mjini na gari lake jeusi, na kazi ya Verna ilikuwa kumwonyesha njia. Alimkuta kwenye ukingo wa kambi, kando ya gari alimomfungia Orville, anajifuta jasho.

"Nampeleka mjini leo hii," alisema Hensley. "Na wewe, Sajini, hufai kwenye kesi hii. Nimeambiwa mtuhumiwa ni shemeji yako."

"Ameoa binti wa mama yangu mkubwa. Ndiyo, ni shemeji."

"Basi unaona."

"Ofisa, hapa kila mtu ni ndugu yangu. Ukitaka polisi asiye na ndugu, kamlete kutoka mwezini."

Hensley hakucheka. Verna naye hakuwa anatania. Alikuwa amewaona wanaume wakiingizwa kwenye magari kama lile jeusi. Wakishafika mjini, kesi inakuwa ya watu wasiojua hata jina la kijiji, na mtu anarudi mvi zimemjaa, kosa hakulitenda. Orville hakuwa na wakili. Mkewe, Noreen, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kumtafuta mmoja. Kama kuna cha kufanywa, ni kabla gari lile halijafika barabara kuu.

"Njoo uone kitu," alisema.

Jana alasiri mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa Mako Sica ukilowa unashika kila kitu, ukikauka unakuwa tofali. Alama za matairi zilikuwa wazi, mistari ya kuingia na mistari ya kutoka. Tairi la nyuma kushoto la pikapu ya Orville halifanani na wenzake, na mashemeji wamemtania kwa hilo tangu majira ya baridi.

"Gari lake hilo," alisema Hensley. "Linaingia, linatoka. Na nyuma yake nimekuta vipande vya plasta."

"Kiangazi kizima anabeba mifuko ya plasta ya Profesa. Ungekuta maua?" Verna alichuchumaa. "Orville anasema alikuja mara moja tu, mvua ilipokatika, kuleta mapipa ya maji. Hakukuta mtu kambini. Akarudi kumchukua mkewe, wakaenda hospitalini."

"Ndivyo anavyosema yeye."

"Sasa sikiliza udongo." Verna alitia kidole kwenye alama ya kuingia. Kilizama mpaka pingili ya pili. Akakitia kwenye alama ya kutoka. Hakikufika hata pingili ya kwanza. "Gari hili liliingia zito, likatoka jepesi. Fuvu lina uzito gani?"

"Profesa anasema kama ng'ombe mzima."

"Basi ng'ombe huyo ameruka."

Hensley naye alitia kidole, mara mbili, akajifuta kwenye suruali. Hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka, na haraka ni ugonjwa mbaya zaidi kwa askari.

"Wakili wake atayasema hayo mahakamani," alisema. "Mimi nina shahidi anayejulikana dunia nzima, aliyeona kwa macho yake. Nitapita kwa huyo bibi nichukue maelezo yake, kisha nakwenda zangu. Kama anakubali walipita kambini, imekwisha."

"Nitangulie?"

"Hapana. Tunakwenda pamoja. Sitaki umfundishe cha kusema."

"Agnes Clairmont afundishwe cha kusema?" alisema Verna. "Haya, twende ukajionee."

*

Agnes alikuwa uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anaponda matunda ya porini kwa jiwe juu ya jiwe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado na bandeji ya hospitali. Gari jeusi lilipoingia uani, alilitazama mara moja, akamwona aliyekaa kiti cha nyuma na pingu mkononi. Papo hapo akavuta shali kichwani, akageuza kiti kizima akalipa gari mgongo. Kule garini, Orville naye akageuza uso upande wa vilima.

"Anaona aibu," Hensley alinong'ona. "Wote wawili."

"Ngoja," alisema Verna. "Mama mkubwa, huyu ni Ofisa Hensley. Ana maswali."

"Amekula?"

"Nadhani bado."

"Basi aulize haraka. Mtu mwenye njaa hasikii vizuri."

Hensley alizunguka akasimama mbele yake. "Mama, jana jioni ulirudi na nani kutoka hospitalini?"

"Na binti yangu. Na mume wa binti yangu alikuwa anaendesha."

"Ulikaa wapi kwenye gari?"

Mkono wenye jiwe ulisimama hewani. Agnes alimtazama Verna. "Huyu ananitukana au hajui?"

"Hajui, mama mkubwa."

"Nyuma," alisema Agnes. "Nyuma ya dereva, asinione kwenye kioo. Noreen alikaa mbele. Redio ilikuwa imewashwa. Tulikuja moja kwa moja mpaka hapa."

"Mna shahidi mwingine, asiye wa familia?"

"Mungu. Mlete, naye muulize alikaa wapi."

Verna alimvuta Hensley hatua chache pembeni. "Profesa amekuambia nini? Wawili tu, kiti cha mbele, wanacheka, anampa kahawa mkononi. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Orville amemwoa Noreen miaka kumi na tisa. Hajawahi kumsemesha huyu mama hata neno moja. Hamtazami usoni. Yeye akiingia kwa mlango huu, huyu anatoka kwa mlango ule. Hawapandi gari moja bila Noreen kuwa kati yao."

"Wamegombana?"

"Wanaheshimiana, Ofisa! Mkwe na mama mkwe, kwetu ndivyo. Nyumba nyingi zimeacha, siku hizi watu wanagombania rimoti na wakwe zao. Nyumba hii haijaacha. Baridi ile ya theluji kubwa, huyu mama alianguka hapo mlangoni. Orville alimfunika blanketi, akakimbia mpaka kwa jirani kuita mwanamke aje amwinue, akarudi akasimama amempa mgongo mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Sasa wewe unaniambia jana walikuwa wanapiga soga kiti cha mbele?"

Hensley alikuna kidevu. "Profesa amekaa na nyinyi miaka mitatu."

"Amekaa na sisi mezani. Nyumbani hatukai na wageni wenye kamera."

"Hilo ni neno lako. Familia yote itasema hivyo hivyo." Hensley alitembea mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma. Kwa sauti yake mtu angedhani anafanya ukarimu. "Mousseau, nakupa nafasi. Mama mkwe wako yuko pale. Mgeukie umwambie, 'Mama, mwambie ofisa ukweli wote.' Maneno hayo tu. Nitaandika kwamba umesaidia uchunguzi. Ukikataa, nitaandika kwamba umekataa."

Orville alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Sasa alitazama vilima, midomo imefungwa.

"Mousseau. Unaelewa kwamba unakwenda jela?"

"Naelewa."

"Ni maneno machache tu."

"Shemeji," Orville alimwambia Verna, bila kugeuka, "huyu bwana mama yake hakumlea?"

"Alimlea mjini," alisema Verna.

"Pole yake. Mwambie afunge mlango, mbu wanaingia."

Agnes hakugeuka. Alikuwa ameweka jiwe chini, na mabega yake yalikuwa yamenyooka. Verna alihisi hasira na fahari vikimpanda kwa pamoja, akashindwa kujua kipi ni kipi.

"Umemwona?" alimwambia Hensley, na safari hii hakushusha sauti. "Ana pingu mkononi, jela iko mbele yake, umemwekea mlango wazi. Hakuna wa kumcheka hapa, hakuna kamera. Na bado hamsemeshi. Mtu huyu ndiye alikuwa anampa kahawa jana? Shahidi wako hakuona kitu. Alijua Orville anakwenda hospitalini, kwa sababu aliambiwa. Aliona alama za matairi, kwa sababu zipo. Akaziunganisha. Kisha akamweka bibi mahali ambapo yeye angemweka mama mkwe wake mwenyewe."

Hensley akafunga mlango wa gari, polepole.

"Heshima si ushahidi, Sajini," alisema. "Siwezi kuipeleka mahakamani kwenye bahasha. Nionyeshe fuvu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Kabla sijaondoka."

Verna alisimama palepale uani, akifikiri. Pikapu ilitoka jepesi. Tangu mvua, hakuna alama nyingine nzito iliyotoka kambini, maana angeiona. Kwa hiyo fuvu halikwenda popote. Mzigo kama ng'ombe, winchi, wasaidizi wawili, na udongo uliolainishwa na mvua, mzuri kwa kuchimba. Wangechimba wapi pasipoonekana? Udongo mpya unajulisha. Labda mahali ambapo udongo mpya ni jambo la kawaida, na ambapo hata askari hawezi kusogelea.

Akacheka kwa sauti, kicheko kibaya.

"Turudi kambini," alisema.

"Na mimi nakuja," alisema Agnes, anainuka kwenye kiti. "Gari lako wewe, Verna. Siyo la huyo."

*

Profesa aliwapokea kwa mikono miwili iliyofunguliwa. Alimwona Agnes anashuka, akamsalimia kwa Kilakota, neno moja alilolijua. Agnes alipita.

Verna alikwenda moja kwa moja mpaka jikoni, akasimama upepo ukimpiga usoni. "Maren," alisema. "Choo hiki kilikuwa wapi juzi?"

Maren alimtazama Profesa.

"Usimtazame yeye. Mimi ndiye niliyeuliza."

"Kule bondeni," alisema Maren. "Nyuma ya mawe."

"Choo kilihama kwa sababu kile kilijaa," alisema Profesa haraka. "Ni jambo la usafi."

"Miaka mitatu unapiga kambi hapa. Upepo wa Mako Sica unatoka magharibi kila siku ya Mungu. Umekaa Amazoni, umekaa barafuni, umekaa majangwani, halafu uhamishe choo ukiweke juu ya jiko lako? Hata mbwa hafanyi hivyo." Verna alimgeukia Hensley. "Ofisa, una koleo kwenye gari?"

"Mnataka kuchimba choo?" Profesa alicheka. "Chimbeni. Sitazuia. Lakini ni hatari kwa afya, na nitaandika barua kwa wakubwa wako, na kwa Baraza, na watazamaji wangu watajua jinsi…"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Profesa ilimalizika hapo, kwa sababu Maren alikuwa ameshavua aproni yake na kuitupa mezani.

"Hakina uchafu," alisema. "Hakuna anayekitumia hicho. Tumemwaga ndoo mbili tu juu, kwa ajili ya harufu. Alisema ni kwa usalama wa fuvu. Alisema lori lingekuja wiki ijayo kulichukua. Hakusema kwamba mtu atafungwa."

"Maren!"

"Hukusema!"

Hensley mwenyewe ndiye aliyechimba. Aling'oa kihema cha buluu, akavuta leso puani, akachimba mpaka koleo likagonga kitu kigumu. Akapiga magoti akafukua kwa mikono. Plasta nyeupe ikatokeza, na juu yake tope jeusi la ndoo mbili.

Hilo lilikuwa fuvu la farasi wa radi, ambalo wazee watatu walilisomea dua lilipotoka ardhini, na huyu ndugu yao waliyempa jina alikuwa amelimwagia mavi. Verna alitaka kumzaba kofi. Aliweka mikono nyuma, akaishika.

"Nimeliokoa!" Profesa alipaza sauti. Uso wa runinga ulikuwa umemtoka. "Mngelifungia kwenye ghala, kati ya matairi na magunia ya mahindi. Nani angeliona? Ulimwengu mzima una haki ya kuliona. Bila mimi msingejua hata kwamba lipo. Mimi ni mmoja wenu, mlinipa jina!"

Agnes alikuwa amesimama kando ya gari la Verna, shali kichwani, mgongo kwa lile gari jeusi. Alisema kwa utulivu, kama anamjibu mtoto wa jirani.

"Jina tulikupa. Fuvu hatukukupa."

Hensley aliinuka, akanawa mikono kwa maji ya pipa, moja ya yale mapipa ya Orville. Akatoa pingu za pili kiunoni. Profesa alianza kutaja majina ya watu wakubwa anaowajua, na bado alikuwa anayataja alipofungwa kwenye mlingoti wa hema la vifaa, pale pale alipodai kusimama jana.

"Nitahitaji maelezo ya maandishi," Hensley alimwambia Verna bila kumtazama sana. "Kuhusu mambo ya viti. Na wakwe."

"Utayapata."

"Na Mousseau itabidi aje kusaini ofisini kabla sijamwachia. Ndiyo taratibu."

"Kijana," alisema Agnes.

Hensley aligeuka. Hakuna aliyemwita kijana kwa miaka mingi.

"Mwambie mume wa binti yangu ashuke kwenye gari lako."

Kioo cha gari kilikuwa wazi. Orville alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na kila mtu alijua amesikia. Hensley alimtazama Verna, akisubiri aingilie. Verna alikuwa anashughulika kuangalia mawingu. Basi ofisa wa serikali kuu akakohoa, akainama dirishani.

"Bwana Mousseau. Mama mkwe wako anasema ushuke kwenye gari."

"Mwambie mama," alisema Orville, macho kwenye vilima, "ningeshuka, lakini nimefungwa pingu."

Hensley alinyooka. Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Anasema angeshuka, lakini amefungwa pingu."

"Muulize," alisema Agnes, "amefungwa na nani."

Hensley aliinama tena kwenye dirisha, akafungua mdomo ili aulize. Kisha akaufunga, akaanza kupapasa mifukoni kutafuta ufunguo wa pingu.